Mkono wa monita kwa meza ya nyumbani: maswali ninayoulizwa kila mara

Tangu nifunge mkono wa skrini (ule wenzo unaoshikwa na meza ukaibeba monita hewani badala ya stendi) kwenye meza yangu hapa Tudor, Mombasa, hakuna mgeni anayeingia kile chumba akatoka bila kuushika. Atausukuma, atauvuta, ataipandisha skrini ataishusha kama mtoto aliyeona bembea, kisha yaanza maswali. Yale yale. Binamu yangu wa Kisauni alinitumia voisi ya dakika sita usiku wa manane kuuliza kama meza yake ya kioo yafaa (haifai, soma chini). Basi nimeona niyaandike yote pahala pamoja manake nimechoka kurudia, na pia manake wengi huanzia sipo, huuliza mkono upi mzuri, na mimi kabla ya kujibu chochote huwauliza mwanzo: meza yako ni ya nini?

Kwani stendi iliyokuja na skrini ina ubaya gani?

Pengine haina ubaya wowote. Kama yapanda na kushuka, skrini iko sawa na macho yako na nafasi ya mezani yakutosha, kaa na pesa zako. Na kama shida ni kuwa skrini iko chini tu, mwendee seremala akukatie kijisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 10 ama 12, ukitie chini ya stendi, basi, na ukimaliza kazi kibodi utaisukuma humo ndani. Mimi nilikaa na kijisanduku miaka miwili na sikufa.

Mkono faida yake ni pale meza ni ndogo. Meza yangu toka ukutani hadi kifuani ni sentimita 60, na ile stendi ya zamani ilikuwa na miguu imetandazwa kama ya kunguru, imekula theluthi ya meza, skrini iko puani. Nilipoitoa nikapata pahala pa daftari, pa kikombe, na skrini ikarudi nyuma. Faida nyingine ni kwa mtu ambaye meza moja yatumiwa na wawili, mchana ni baba jioni ni mtoto wa shule, kila mmoja na urefu wake.

Ninunue wa inchi ngapi?

Hapa ndo wengi wanapotegwa. Boksi limeandikwa "inchi 17 hadi 32" kwa herufi kubwa, na uzito umeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi. Mkono haujui inchi bana, wajua kilo. Inchi ni makadirio tu, na pia ni ili skrini isije ikagusa meza ukiizungusha wima.

Sasa kilo zenyewe zina ncha mbili, ya chini na ya juu, na ile ya chini ndo watu hawaiangalii. Chukua mfano Ergotron LX, ambao ni mkono maarufu sana, wenyewe umeandikwa kilo 3.2 hadi 11.3. Ukiufunga skrini nyepesi ya kilo 2, hata ulegeze springi hadi mwisho bado utaipandisha juu na hutaweza kuiweka chini, kila ukiishusha yarudi. Yaani mkono wenye nguvu sana si lazima uwe mzuri kwako. Tafuta ambao uzito wa skrini yako waangukia katikati ya zile namba mbili, usiangukie ukingoni.

Kwa kukisia, skrini ya inchi 24 bila stendi yake huwa kilo 3 hadi 4, ya 27 yafika 4 hadi 6, zile pana za 34 ni 6 hadi 8. Za 49 zilizopinda kama upinde hizo ni nyingine kabisa, zapita kilo 10 na zataka mkono wake maalum.

Nitajuaje uzito na karatasi zake zishapotea?

Geuza skrini nyuma, soma namba ya modeli kwenye kile kistika, kisha tafuta namba hiyo mtandaoni. Mara nyingi utapewa uzito mara mbili, pamoja na stendi na bila stendi. Wataka ule wa bila stendi, manake stendi utaivua. Ukikosa, simama kwenye mizani ya kupimia watu umeikumbatia skrini, kisha simama peke yako, toa. Hakuna haja ya kuipeleka Kongowea kwenye mizani ya viazi.

VESA ndo nini? Kila boksi limeandikwa.

Ni jina la chama cha watengenezaji wa skrini, na mwaka 1997 wakatoa kiwango cha matundu manne ya nyuma ili skrini ya kampuni hii ikubali stendi ya kampuni ile. Matundu yanakaa mraba. Chukua rula upime toka kati ya tundu hadi kati ya tundu jirani: ni milimita 75 ama 100. Sahani za mikono mingi (kile kibati cha mbele kinachofungwa nyuma ya skrini) zina zote mbili. Skrubu zake ni M4, yaani unene wa milimita 4, urefu kama milimita 10 hivi, na mara nyingi zaja kwenye kijaluba pamoja na mkono.

Usitie skrubu ndefu kuliko shimo. Ikifika mwisho ikakataa, simama hapo, usijitie ushujaa na bisibisi, manake mbele ya hapo ni kioo na saketi. Kwa skrini ambazo matundu yamezama ndani ya kishimo, zipo pete ndogo za plastiki za kujazia na skrubu ndefu kidogo, tumia hizo pamoja.

Skrini yangu haina matundu yoyote.

Angalia tena. Kwa hizi skrini za ofisini zilizotumika Ulaya ambazo sote twanunua, matundu mara nyingi yamefichwa chini ya stendi yenyewe. Dell nyingi zina kitufe chini ya shingo, wakibonyeza, stendi yatoka yote, na matundu manne yaonekana hapo. Nyingine lazima ufungue skrubu. Nyingine zina vifuniko vidogo vya plastiki vya kubandua kwa ukucha.

Kama kweli hakuna, kuna adapta za vyuma zenye vidole vya kuibana skrini juu na chini. Zafanya kazi ila zaongeza uzito, skrini yakaa mbele zaidi, na sura yake ni kama mtu aliyeshikwa na polisi. Kama skrini ni ya bei ndogo, afadhali uibadilishe.

Natumia TV ya inchi 32 kama monita. Itakubali?

Uzito hauna shida, nyingi za sasa ni nyepesi. Shida ni matundu, manake TV za 32 mara nyingi ni 100 kwa 200 ama 200 kwa 200. Utahitaji sahani ya kuongezea, ni bati tu lenye matundu, hata fundi wa kuchomelea aweza kukutobolea kama una vipimo sawasawa. Skrubu za TV nyingine ni M4, nyingine ni M6 nene zaidi. Jaribu kwa mkono, bila kulazimisha.

Wa gesi, wa springi, ama wa nguzo?

Wa nguzo ni fimbo imesimama na kipande chenye kubana, wapandisha kipande, wakaza, basi. Ukitaka kubadilisha urefu lazima alenki (ule ufunguo wa pembe sita) na msaidizi wa kushika skrini. Lakini ni rahisi, ni imara, na hauna cha kuharibika. Kama ukishaweka hugusi tena, na mtumiaji ni mmoja, chukua huu usisikize kelele za watu.

Wa gesi ndani yake kuna kisilinda chenye naitrojeni iliyoshindiliwa, kama vile vishikio vya buti ya gari. Ndo ule wa kusukuma kwa kidole. Mzuri, ila gesi ikivuja miaka ikipita hakuna fundi wa kuijaza, na usije ukajaribu kukipasua kile kisilinda wala kukitoboa. Wa springi ya chuma hufanya kazi ile ile, huwa mzito na ghali zaidi, ila springi haivuji. Huu wangu ni wa gesi na sina lalamiko. Ningekuwa nanunua wa kukaa nao miaka kumi ningetafuta wa springi.

Haya, meza yangu itahimili?

Hapa kaa kitako.

Skrini ikiwa juu ya stendi yake, uzito wote washuka chini meza yote ikaubeba. Ukitia mkono, uzito ule ule wabebwa na kipande cha ukingo kisichozidi kiganja. Na si kilo zake tu. Tuseme skrini ni kilo 5 na umeivuta mbele sentimita 50 toka kwenye klampu (kile kibano kinachoshika ukingo wa meza), na kiganja cha klampu ni sentimita 10. Piga hesabu ya wenzo: 50 gawa kwa 10 mara kilo 5, ukingo wa meza wanyanyuliwa kwa nguvu inayokaribia kilo 25, siku nzima, usiku kucha, na kila ukiisukuma skrini waongeza. Ndo maana skrini ile ile mtu huyu akaa nayo miaka, na huyu meza yake imebonyea wiki ya pili.

Meza ya mbao halisi ya seremala, unene inchi moja, haina neno. Plaiwudi ya milimita 18 iliyo imara, sawa. MDF na chipbodi (mbao za unga na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi), sawa kwa skrini moja ndogo ila tia bati la kuongezea. Zile meza nyepesi za kuunganisha mwenyewe, ukigonga zalia kama debe tupu, nyingi ndani ni karatasi zimepangwa kama sega la nyuki na juu ngozi nyembamba ya ubao. Hizo klampu yazama kama kidole kwenye mkate. Kioo usijaribu hata kama muuzaji amekuapia, na hapo ndo jibu la binamu.

Mtihani wangu ni mwepesi: gonga ukisikiza, kisha angalia kwa chini ama kwenye tundu la waya kama lipo, utaona tumbo la ubao limejaa nini.

Mimi mwenyewe niliingia. Meza yangu ya kwanza ilikuwa chipbodi yenye fomaika nyeupe, nzuri ya kupendeza, na niliikaza klampu hadi nikasikia inalia krrr nikadhani ndo imeshika. Siku ya nne kuna mstari kama unywele kwenye fomaika, siku ya tisa mstari ushakuwa mdomo. Nikampelekea fundi mmoja Majengo, akaitazama, akacheka, hakusema kitu. Akachukua kipande cha plaiwudi ya milimita 18, akakata sentimita 20 kwa 15, akakipiga msasa, akatia gundi ya mbao, akakibandika juu pale palipopasuka, na kwa chini akatia cha pili kama hicho, akabana kwa jiriwa mbili hadi kesho yake. Alichoniambia ni hiki: nguvu isisimame pahala pamoja, itandaze. Meza hio naitumia hadi leo. Vibati vya kununua vya kazi hio vipo, lakini kipande cha plaiwudi toka mabaki ya fundi hakikugharimu kitu zaidi ya chai yake.

Pima pia unene wa meza. Klampu nyingi zakubali toka sentimita 1 hadi 8 na kitu, ila soma boksi. Kisha ingiza mkono chini ya ukingo wa nyuma, watu wengi wasahau kuwa pale chini kuna mbao ya fremu ama droo, na klampu haina pa kushika.

Klampu ama kutoboa tundu?

Klampu yabana ukingo, waweza kuihamisha kesho. Ya tundu ni bolti imepita katikati ya meza na sahani juu na chini. Ya tundu ni imara zaidi na yafaa kama ukingo wa nyuma una fremu, ama meza ina tundu la waya tayari. Kama meza ni ya kupangisha pamoja na nyumba, usitoboe meza ya mwenye nyumba. Hilo halitaki maelezo.

Meza yangu imebanana na ukuta, chumba chembamba.

Swali zuri, na kwa Mji wa Kale ndo swali lenyewe. Vyumba vya zile nyumba za zamani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko za dari, kwa hivo ni virefu lakini vyembamba, na meza lazima ikae ukutani. Mkono ukiukunja, kiwiko chake hutokeza nyuma ya meza. Kama nyuma ni ukuta, kiwiko chagonga na skrini haiwezi kurudi nyuma vile ulivyodhani, yabaki imekuja mbele karibu zaidi hata ya ile stendi ulioitoa. Mtu akinunua bila kujua haya hulaani mkono bure.

Kuna njia tatu. Vuta meza mbele kidogo, nafasi ya kiganja hivi, kama chumba charuhusu. Ama funga klampu pembeni ya meza badala ya katikati, kiwiko kikunjike kuelekea ubavuni. Ama tumia wa nguzo wenye kipande kifupi kisicho na kiwiko.

Na ukuta wenyewe je? Kutia mkono ukutani ni kuzuri sana kwa ukuta wa saruji ulio imara. Kwa kuta za matumbawe na chokaa, wallahi nenda pole. Ukitia drili, mara wakuta jiwe gumu, mara wakuta chokaa chatiririka kama unga, na plagi ya plastiki haishiki kwenye unga. Watu hutundika kwanza ubao mpana ukutani kwa skrubu ndefu sehemu nyingi, kisha mkono waufunga kwenye ubao. Na kama nyumba ni ya zamani ya watu, ulizia kwanza kabla ya kutoboa.

Nafunga vipi bila kuvunja kitu?

Zima kila kitu, chomoa waya zote. Tandika leso iliyokunjwa mara nne kitandani, laza skrini uso chini, vua stendi. Kitanda, si meza, manake mezani utakuwa na klampu na bisibisi na kikombe.

Funga klampu mwanzo. Kaza kwa mkono hadi ishike, kisha nusu mzunguko na alenki, tikisa nguzo, ikicheza ongeza robo. Usikaze kama wafunga gurudumu la lori. Kisha tia mkono kwenye nguzo.

Sahani ya VESA ifunge kwenye skrini ikiwa bado kitandani, kama sahani yatoka, na kwa mikono mingi yatoka. Skrubu zote nne zitie kwa vidole kwanza, ndo ukaze kwa kupishana pembe. Sasa muite mtu. Mmoja ainue skrini, mwingine aelekeze sahani kwenye kichwa cha mkono hadi isikike tak. Aliyeshika asiachie bado! Skrini ikiwa imeshikwa, ulaze mkono sawa na meza, ndo uanze kurekebisha nguvu.

Na kabla ya skrini kuingia, ule mkono mtupu wa gesi usiusukume chini ukauachilia. Warudi juu kwa kasi. Weka uso mbali.

Skrini yashuka yenyewe. Ama yapanda yenyewe.

Hio si kuharibika, haijarekebishwa tu, na ndo sababu ya nusu ya watu kurudisha mikono mizima dukani. Pale kwenye kiungo kuna skrubu ya alenki yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Yashuka, zungusha upande wa kujumlisha. Yapanda, upande wa kutoa. Wakati wa kuzungusha mkono uwe umelala sawa, na skrini iwe imefungwa, usirekebishe mkono mtupu. Kisha usikate tamaa, ni mizunguko mingi, yangu ilikuwa kama kumi na tano na mwanzo nilidhani skrubu yazunguka bure.

Kama skrini yainamisha kichwa, yaani urefu wasimama ila uso watazama chini, hio ni skrubu nyingine, iko nyuma ya sahani. Kaza hio. Watu hukaza ile kubwa wakashangaa hakuna mabadiliko.

Skrini zilizopinda hutia uzito mbele zaidi, kwa hivo yaweza kuwa kilo zako ziko ndani ya namba za boksi na bado yainama. Kwa hizo acha nafasi kubwa ya kilo.

Yatikisika nikichapa.

Mara tisa kati ya kumi ni meza. Sukuma meza bila kugusa skrini, ikicheza, kaza miguu ya meza ama tia kipande cha ubao wa mshazari nyuma. Hamisha klampu karibu na mguu wa meza. Usiunyooshe mkono wote, ukiwa umekunjika kidogo hutulia zaidi. Na kama feni ya mezani yapuliza moja kwa moja nyuma ya skrini, geuza feni, nishaona mtu amenunua mkono wa pili kwa sababu ya feni.

Skrini iwe urefu gani?

Ukikaa wima ukatazama mbele, macho yaangukie ukingo wa juu wa skrini ama chini yake kidogo. Umbali, nyoosha mkono, ncha za vidole ziguse kioo ama zikose kidogo. Anayevaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili ashushe zaidi, la sivyo atainua kidevu siku nzima na shingo itamlipiza usiku.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako jua lote liko kwenye kioo, likiwa mbele macho yashindana na mwangaza. Huku kwetu kuanzia saa nne asubuhi hili si jambo dogo, na uzuri wa mkono ni kuwa waizungusha skrini jua likihama.

Nataka skrini mbili.

Mikono miwili kwenye nguzo moja ni nafuu na nadhifu, ila uzito wote wasimama pahala pamoja, rudi kwenye swali la meza. Kama meza si ya kujivunia, mikono miwili mbalimbali, kila mmoja karibu na mguu wake. Wenye lepu (laptop) wapo pia wanaotia kijisahani cha lepu upande mmoja, chafaa, ila kwa kuchapa chayumba, tumia kibodi ya nje.

Waya?

Zifunge mwisho kabisa. Kwanza zungusha mkono kila upande hadi mwisho wake, juu, chini, kulia, kushoto, uone waya zanyooka wapi. Acha mkunjo wa ziada kwenye kila kiwiko. Waya ya HDMI ya mita moja haitoshi, tafuta ya mita mbili. Waya yangu ya kwanza ilikuwa fupi na ilikuwa inachomoka kila nikivuta skrini, nikadhani skrini imeanza kufa.

Huku baharini si utashika kutu?

Utashika, ila si wote na si pote. Mwili wa alumini hauna neno. Chuma kilichopakwa rangi chadumu hadi rangi ikwaruzike. Zinazoanza ni skrubu, bolti ya klampu, na matundu ya alenki. Nilikaa mwaka Nyali karibu na maji, madirisha wazi upepo wa chumvi waingia, na siku nilipotaka kulegeza klampu bolti ilikuwa nyekundu na ikagoma.

Siku ya kufunga, tia grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti ya klampu na skrubu za VESA. Kidogo, kwa kidole. Kila miezi michache futa mkono kwa kitambaa kibichi kidogo kisha kikavu, na tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu zilizo wazi. Lakini usitie mafuta kwenye ile mipira ya klampu inayogusa meza, itateleza, wala kwenye viungo vinavyoshika kwa kukazana, vitalegea.

Wa mtumba wafaa?

Wafaa ukiujaribu. Ukandamize chini kwa kiganja, uwe wakusukuma nyuma kwa nguvu ile ile toka mwanzo hadi mwisho. Ukilegea katikati gesi yaondoka. Angalia fimbo inayong'aa ya kisilinda, ikiwa na mafuta mafuta, achana nao. Hesabu vipande: sahani, klampu yote, alenki zake. Skrubu zikikosekana si neno, hadwea yoyote yenye M4 itakumaliza. Mipya utaipata kwenye maduka ya kompyuta mjini, na Biashara Street utapata leso ya kulazia skrini.

Bei sitii hapa, zabadilika na dola na meli. Ila kumbuka ni chuma, ni kilo kadhaa, ukiagiza nje nauli yaweza kukaribia bei ya mkono wenyewe.

Nahama. Nautoa vipi?

Kinyume cha kufunga, na hapa nina alama ya kuonyesha. Mara ya kwanza kutoa skrini nilikuwa peke yangu, mkono uko chini kabisa, skrini imekaribia kugusa meza manake niliona hivo ndo salama, isianguke mbali. Nikafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipotoka, skrini imebaki kifuani kwangu, na ule mkono uliokuwa umebeba kilo 4 ghafla haukubeba kitu. Uliruka ukanipiga chini ya kidevu, nikauma ulimi, na ulipokuwa unapanda ukapitia kikombe cha kahawa tungu kilichokuwa kwenye kirafu.

Kwa hivo inua mkono hadi juu mwisho wake kabla ya kugusa skrubu yoyote, hapo juu hauna pa kurukia. Ukishautoa usijaribu kuukandamiza ndio uingie kwenye boksi, ubebe hivo hivo umenyooka, hata kwenye tuktuk waingia ukiulaza miguuni. Skrini sikuiachia siku ile. Kikombe ndo kilikwenda, na dari yangu mpaka leo ina doa.